Kamera ya Kiwandani: Poti ya Mfululizo na Mipangilio ya Mtandao

Mada ya mawasiliano ya data huwasumbua watahiniwa wengi kwa sababu hukaririwa vipande vipande. Leo baudi, kesho pariti, keshokutwa anwani ya IP, na kila kimoja hubaki peke yake kama neno la kamusi. Swali likija na kifaa halisi ndani yake, mtahiniwa aliyekariri anakwama. Katika sura hii tutachukua kifaa kimoja tu, kamera ya kiwandani, tukiunganishe mwanzo hadi mwisho, na maneno yote hayo utayaona yakifanya kazi.

Fikiria kiwanda cha soda. Chupa zinapita juu ya mkanda, chupa 10 kila sekunde, na juu ya mkanda kuna kamera. Kila chupa inapopita chini yake, kamera inapiga picha na kuichunguza yenyewe: kifuniko kipo? Soda imefika kwenye kiwango? Chupa yenye kasoro inatakiwa kusukumwa pembeni na mkono wa chuma ulio mbele kidogo. Mkono huo unaendeshwa na kidhibiti cha mitambo, yaani kompyuta ndogo ya kiwandani ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima vitu kwa wakati.

Kwa hiyo kamera ina mambo mawili ya kusema. La kwanza ni uamuzi: chupa hii nzuri, chupa hii mbaya. Huo unakwenda kwa kidhibiti kupitia poti ya mfululizo. La pili ni picha yenyewe, ambayo inakwenda kwenye kompyuta ya msimamizi kupitia mtandao wa Ithaneti ili ihifadhiwe. Swali ambalo mtahini hupenda kuuliza ni: kwa nini njia mbili? Usijibu kwa kusema "Ithaneti ni ya kisasa". Piga hesabu.

Mfano wa 1. Picha ya rangi ya kijivu ina pikseli 1,280 kwa 1,024, na kila pikseli inachukua baiti 1. Itachukua muda gani kupita (a) kwenye poti ya mfululizo ya baudi 9,600 ambapo kila baiti hutumia biti 10, na (b) kwenye Ithaneti ya gigabiti 1 kwa sekunde?

Suluhisho. Ukubwa wa picha ni 1,280 × 1,024 = baiti 1,310,720. 
(a) Baudi 9,600 gawanya kwa 10 ni baiti 960 kwa sekunde. 1,310,720 ÷ 960 = sekunde 1,365 hivi, yaani karibu dakika 23. 
(b) 1,310,720 × 8 = biti 10,485,760. Ukigawanya kwa 1,000,000,000 unapata sekunde 0.0105 hivi.

Dakika 23 kwa picha moja, wakati chupa nyingine inafika baada ya sehemu ya kumi ya sekunde! Picha haiwezi kupita kwenye poti ya mfululizo. Uamuzi, kwa upande mwingine, ni herufi chache tu, na njia hiyo ya polepole inatosha. Tena ina faida zake: ni nyaya tatu, haina anwani wala maski, na muda wa ujumbe kufika unajulikana kabla.

Sasa jambo ambalo ukilishika, nusu ya mada hii umeimaliza. Poti ya mfululizo na mtandao vyote ni makubaliano. Upande mmoja na upande wa pili lazima viwe na namba zinazoafikiana. Mara nyingi kamera "iliyokufa" kwenye kiwanda kipya ni nzima kabisa, ila namba za upande mmoja hazikubaliani na za upande wa pili. Kila aina ya kutokubaliana ina dalili zake, na mtu anayezijua dalili hizo hahitaji kubahatisha.

POTI YA MFULULIZO

Jina lenyewe linajieleza. Biti zinakwenda kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, juu ya waya mmoja. Kiwango kinachotumika sana kwenye vifaa vya namna hii ni RS-232, ambacho kilianza mwaka 1960 na bado kimo viwandani mpaka leo. Katika RS-232 biti ya 1 inawakilishwa na volti hasi, kati ya -3 na -15, na biti ya 0 na volti chanya, kati ya +3 na +15. Ndiyo, 1 ni hasi. Watahiniwa huligeuza hili kila mara kwa sababu akili inatarajia kinyume chake. Waya ukiwa kimya, hauna ujumbe, hukaa kwenye 1.

Tahadhari kwa wale wanaochezea vibao vya elektroniki nyumbani: poti ya mfululizo ya kibao kidogo hutumia volti 0 na 3.3, au 0 na 5. Ukiiunga moja kwa moja na RS-232 unaweza kukiunguza kibao. Kunahitajika chipu ya kubadilisha volti katikati.

Nyaya zinazohitajika kwa uchache ni tatu: wa kutuma, wa kupokea na wa pamoja ambao volti zote hupimwa kutoka kwake. Kwenye plagi ya pini 9 ya kompyuta, pini 2 ni ya kupokea, pini 3 ya kutuma na pini 5 ni ya waya wa pamoja. Kifaa kinachotuma lazima kiunganishwe na pini ya kupokea ya mwenzake. Vifaa viwili vikiwa vimepangwa pini kwa namna moja, kebo inayohitajika ni ile iliyopishanishwa, 2 kwa 3 na 3 kwa 2. Ukitumia kebo iliyonyooka hapo, wote wawili wanaongea kwenye waya mmoja na hakuna anayesikiliza. Dalili yake ni kimya kabisa.

Urefu wa kebo ya RS-232 kwa kawaida hauzidi mita 15 hivi. Kama kidhibiti kiko mbali zaidi, hutumika RS-485, ambayo inaweza kufika mita 1,200 kwa kasi ndogo.

Sasa tuingie kwenye ujumbe. Hakuna waya wa saa kati ya kamera na kidhibiti, kwa hiyo mpokeaji atajuaje biti imeanzia wapi? Kila herufi hufungwa kwenye fremu. Kwanza inakuja biti ya kuanza, ambayo daima ni 0. Waya uliokuwa umetulia kwenye 1 unashuka ghafla kwenda 0, na mpokeaji anaanza kuhesabu muda. Kisha zinakuja biti za data, 7 au 8, ile ya kulia kabisa ikitangulia. Inaweza kufuata biti ya pariti. Mwishoni ni biti ya kumaliza, ambayo daima ni 1.

Mfano wa 2. Kamera inatuma herufi N (kwa maana ya "nzuri") kwa mpangilio wa biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kumaliza. Andika biti zinavyopita kwenye waya.

Suluhisho. Msimbo wa ASCII wa N ni 78, yaani 01001110 kwa kizio cha pili. Ukianzia kulia: 0, 1, 1, 1, 0, 0, 1, 0. Ongeza biti ya kuanza mbele na ya kumaliza nyuma: 0 01110010 1. Jumla biti 10.

Ndiyo maana katika Mfano wa 1 tuligawanya kwa 10, si kwa 8. Biti mbili katika kila kumi hazibebi data, zinabeba fremu tu. Mtahiniwa anayegawanya kwa 8 hupoteza alama hapo hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Baudi ni idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde, na kwenye RS-232 ni sawa na biti kwa sekunde. Jina linatoka kwa Mfaransa Émile Baudot, aliyebuni msimbo wa simu za maandishi katika karne ya 19. Kwa baudi 9,600 kila biti hudumu mikrosekunde 104 hivi. Mpokeaji huisoma kila biti katikati yake. Anza kuhesabu kutoka kwenye biti ya kuanza mpaka katikati ya biti ya kumi: ni vipindi 9.5. Saa yake ikikosea kwa zaidi ya nusu kipindi katika vipindi hivyo 9.5, anasoma biti ya jirani. 0.5 ÷ 9.5 ni kama asilimia 5. Hicho ndicho kiasi cha juu cha tofauti kati ya saa mbili, na kwa vitendo mafundi hutaka kiwe kidogo zaidi.

Kamera ikiwa kwenye 9,600 na kidhibiti kwenye 19,200, tofauti si asilimia 5 bali ni mara mbili. Kila biti ya kamera inasomwa mara mbili. Kinachotokea kwenye skrini ni takataka: alama za ajabu mahali pa herufi. Ukiona takataka zinazokuja kila chupa inapopita, furahi kidogo. Waya ni mzima, kamera inaongea, na kosa la kwanza la kutafuta ni kasi.

Kuna kosa jingine la hila zaidi, nalo ndilo ninalopenda kuwapa wanafunzi wangu kwa sababu linawapima kweli. Kamera imewekwa biti 8 bila pariti. Kidhibiti kimewekwa biti 7 na pariti shufwa. Baudi ni sawa. Hesabu urefu wa fremu: kamera 1+8+1 = 10; kidhibiti 1+7+1+1 = 10. Urefu ni uleule! Kwa hiyo fremu zinaingia bila kuparaganyika. Lakini biti ya nane ya kamera, ambayo kwa herufi za kawaida za ASCII ni 0, kidhibiti kinaihesabu kuwa pariti.

Pariti shufwa maana yake ni kwamba idadi ya 1 zote, pamoja na biti ya pariti, iwe namba shufwa. Sasa tuma ujumbe N0412, yaani "nzuri, chupa namba 0412". N ni 1001110: kuna 1 nne, ni shufwa, pariti 0 ni sahihi, herufi inapokelewa. Tarakimu 0 ni 0110000: 1 mbili, inapokelewa. Tarakimu 4 ni 0110100: 1 tatu, ni witiri, kidhibiti kilitarajia pariti 1 kikapata 0, inakataliwa. Tarakimu 1 ni 0110001, tatu, inakataliwa. Tarakimu 2 ni 0110010, tatu, inakataliwa. Kilichofika ni "N0". Fundi asiyejua atabadilisha kebo siku nzima. Anayejua ataona kwamba zilizopita zote zina idadi shufwa ya 1 na atakwenda moja kwa moja kwenye mpangilio wa pariti.

Pariti yenyewe usiiamini kupita kiasi. Inagundua biti moja iliyogeuka, au tatu, au tano. Biti mbili zikigeuka inanyamaza. Na hapa kuna hatari halisi. Tuseme kiwanda kimeamua N iwe nzuri na B iwe mbaya. N ni 01001110 na B ni 01000010. Zilinganishe: zinatofautiana kwa biti mbili tu, tena zilizokaa jirani. Mota kubwa ikiwashwa karibu na kebo, mshtuko mfupi wa umeme unaweza kuzigeuza hizo mbili. N ina 1 nne na B ina 1 mbili, zote shufwa. Chupa mbaya imegeuka kuwa nzuri na pariti imesema sawa.

Dawa ni jumla ya ukaguzi. Mtumaji anajumlisha misimbo ya herufi zote, anachukua baki baada ya kugawanya kwa 256, na kuliambatanisha mwishoni mwa ujumbe.

Mfano wa 3. Tafuta jumla ya ukaguzi ya N0412, kisha eleza kinachotokea endapo ujumbe uliotumwa ulikuwa B0412 na B ikageuka N njiani.

Suluhisho. N0412: 78 + 48 + 52 + 49 + 50 = 277; toa 256, baki ni 21. B0412: 66 + 48 + 52 + 49 + 50 = 265; toa 256, baki ni 9. Kamera ilituma B0412 pamoja na 9. Kidhibiti kimepokea N0412 pamoja na 9, kikapiga hesabu yake kikapata 21. 21 si 9, ujumbe unakataliwa.

Njia hii nayo ina tundu: 0412 na 0421 zina jumla moja, kwa hiyo herufi zikibadilishana nafasi haioni. Mifumo mizito zaidi hutumia hesabu nyingine, lakini kwa kiwango chako inatosha kujua udhaifu huo na kuutaja.

Ujumbe ukikataliwa, kidhibiti kifanye nini? Hili si swali la kompyuta tu. Mtu aliyepanga kidhibiti kwamba "sukuma chupa ukipokea B" ametengeneza mashine ambayo, kebo ikikatika, hupitisha kila chupa, zenye kifuniko na zisizo nacho, na taa zote zinabaki kijani. Aliyepanga "acha ipite ukipokea N iliyo sahihi, vinginevyo sukuma" amefanya kimya kiwe na maana ya hatari. Tofauti ni mstari mmoja wa programu. Ukiulizwa swali la kubuni mfumo, liandike hili. Mtahini atajua umeelewa.

Muda unatosha? N0412, tarakimu mbili za jumla ya ukaguzi kwa kizio cha kumi na sita (21 huandikwa 15), na alama ya mwisho wa mstari: herufi 8, biti 80. Kwa baudi 9,600 ni milisekunde 8.3. Chupa hupishana kwa milisekunde 100, kwa hiyo nafasi ipo tele. Kwa baudi 1,200 ingechukua milisekunde 66.7, na mkono wa chuma ungebaki na milisekunde 33 za kujiandaa. Hapo mfumo unafanya kazi leo na kushindwa siku mkanda utakapoongezwa kasi.

Kitu cha mwisho kwenye poti: udhibiti wa mtiririko. Vifaa vingine hutumia nyaya za ziada kuambiana "ngoja" na "endelea". Kebo yako ikiwa ya nyaya tatu na umewasha udhibiti huo kwenye kamera, kamera itasubiri ruhusa ambayo haina waya wa kupitia. Kimya tena. Kwa kebo ya nyaya tatu, uzime.

MIPANGILIO YA MTANDAO

Neno "poti" linabadilika maana hapa, uwe macho. Kwenye sehemu iliyopita lilikuwa tundu la kuchomeka kebo. Kwenye mtandao, namba ya poti ni namba inayotenganisha programu moja na nyingine ndani ya kifaa kimoja. Kiwango cha GigE Vision, kilichotolewa mwaka 2006 kwa ajili ya kamera za viwandani zinazotumia Ithaneti, huamrisha kamera kupitia poti namba 3956 ya itifaki ya UDP. Hakuna tundu lenye namba hiyo popote kwenye kamera.

Kila kifaa kwenye mtandao kina anwani ya IP na maski. Maski hukata anwani vipande viwili: upande wa mtandao na upande wa kifaa. Kompyuta inapotaka kuongea na kamera hujiuliza kwanza: tuko mtandao mmoja? Kama ndiyo, inampelekea moja kwa moja. Kama sivyo, inapeleka kwenye lango, yaani kifaa cha kuelekeza mawasiliano nje. Kwenye mtandao mdogo wa kamera na kompyuta mara nyingi lango halipo kabisa, kwa hiyo ujumbe unaishia hapo.

Mfano wa 4. Kompyuta ina anwani 192.168.10.70, kamera ina 192.168.10.130, na maski ya vyote ni 255.255.255.192. Je, vinaweza kuongea moja kwa moja?

Suluhisho. Sehemu tatu za kwanza zinafanana na maski hapo ni 255, kwa hiyo angalia ya nne tu. 192 ni 11000000. Tumia kanuni ya NA, ambapo 1 hupatikana pale tu zote mbili zikiwa 1. 
70 ni 01000110. Pamoja na 11000000 inatoa 01000000, yaani 64. 
130 ni 10000010. Pamoja na 11000000 inatoa 10000000, yaani 128. 
Kompyuta iko kwenye mtandao 192.168.10.64 na kamera iko kwenye 192.168.10.128. Haziwezi kuongea moja kwa moja. Mpe kamera anwani kati ya 192.168.10.65 na 192.168.10.126, isipokuwa 70 ambayo imeshachukuliwa. Anwani ya 64 ni jina la mtandao na ya 127 ni ya kutangazia wote, hazipewi kifaa.

Mtahiniwa anayetazama kwa macho tu husema "zote zinaanza na 192.168.10, kwa hiyo ni mtandao mmoja". Hiyo ni kweli kwa maski kama 255.255.255.0, si kwa maski hii.

Anwani hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuiandika mwenyewe, ikabaki hapo. Ya pili ni DHCP, ambapo seva huigawa kifaa kinapowaka. Ya tatu ni pale ambapo hakuna iliyoandikwa wala seva ya kugawa: kifaa hujichagulia anwani inayoanza na 169.254. Ukiona namba hizo kwenye kompyuta, soma kama ujumbe: "nimetafuta wa kunipa anwani, sikumpata." Kwa kamera ya kiwandani, anwani ya kuandika mwenyewe ndiyo bora. Programu ya msimamizi inaitafuta kamera kwa anwani yake, na anwani inayogawiwa inaweza kubadilika baada ya umeme kukatika.

Kamera mbili mpya kutoka katoni moja zinaweza kuja na anwani ileile ya kiwandani kwao. Ukizichomeka zote kwa pamoja zitagombana, na picha itakuja mara ya hii mara ya ile au isije kabisa. Chomeka moja, badilisha anwani, ndipo uchomeke ya pili.

Na unapobadilisha anwani, tulia. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika 192.168.11.20 mahali pa 192.168.1.20. Mara tu nilipobonyeza kuhifadhi, kamera ikatoweka. Haikuwa imeharibika, ilihamia mtandao mwingine na kompyuta yangu ilibaki nyuma. Kilichoniokoa ni ile poti ya mfululizo: kamera ile iliruhusu kusoma mipangilio ya mtandao kupitia nyaya zile tatu, na hizo hazijali anwani. Si kamera zote zinaruhusu hivyo. Zinazofuata GigE Vision zina njia nyingine: kompyuta hutangaza kwa vifaa vyote kwenye swichi, "kamera gani ipo hapa?", na kamera hujibu hata ikiwa na anwani ya mtandao mwingine, kisha huweza kulazimishwa kupokea anwani mpya. Tangu siku ile nabandika karatasi yenye anwani ubavuni mwa kila kamera.

Ukishaweka anwani, pima kwa amri ya ping ikifuatwa na anwani ya kamera. Majibu yakirudi, njia ipo. Lakini majibu ya ping hayathibitishi kwamba picha itakuja, na hapa ndipo maswali mazuri hutoka.

Rudi kwenye hesabu. Picha moja ni biti 10,485,760. Chupa 10 kwa sekunde ni picha 10, yaani biti 104,857,600 kwa sekunde. Swichi ya zamani ya megabiti 100 hubeba biti 100,000,000. Imezidiwa kwa kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha: picha zitafika zimekatika au zingine zitapotea. Ping, ambayo ni kijiujumbe kidogo, itapita vizuri muda wote.

Hata swichi ikiwa ya gigabiti, tazama kebo. Ithaneti ya gigabiti hutumia nyaya zote nane, jozi nne. Ile ya megabiti 100 hutumia jozi mbili. Waya mmoja ukikatika ndani ya kebo iliyokanyagwa na toroli, vifaa huweza kushuka kimyakimya hadi megabiti 100 na kuendelea. Taa inawaka, ping inajibu, picha zinapungua. Fungua hali ya kadi ya mtandao kwenye kompyuta usome kasi iliyoandikwa hapo kabla hujailaumu kamera.

Sababu ya tatu ni ukubwa wa pakiti. Kawaida pakiti ya Ithaneti hubeba baiti 1,500, hivyo picha yetu hukatwa vipande 900 hivi. Kadi nyingi huruhusu pakiti kubwa za baiti 9,000 hivi, na vipande hupungua hadi karibu 150, jambo linaloipunguzia kompyuta kazi. Sharti ni kwamba kamera, swichi na kadi ya kompyuta vyote vikubali ukubwa huo. Swichi ikikataa, pakiti kubwa hutupwa, zile ndogo za ping zinapita, na skrini inabaki nyeusi. Sababu ya nne ni programu ya ulinzi ya kompyuta, ambayo inaweza kuzuia pakiti za UDP zinazoingia bila kuizuia ping.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Poti imewekwa baudi 19,200, biti 8 za data, pariti shufwa na biti 1 ya kumaliza. Ujumbe wa herufi 24 utachukua milisekunde ngapi?
2. Msimbo wa tarakimu 7 ni 0110111. Biti ya pariti itakuwa ngapi kwa pariti shufwa? Kwa pariti witiri?
3. Kompyuta ina 192.168.5.200, kamera ina 192.168.5.100, maski ni 255.255.255.128. Onyesha kwa hesabu kama ziko mtandao mmoja, kisha pendekeza anwani mpya ya kamera.
4. Fundi anaona herufi A ikifika vizuri kutoka kwenye kamera lakini C haifiki kamwe. Baudi imehakikiwa. Taja kosa na uthibitishe kwa misimbo ya herufi hizo (65 na 67).
5. Ping inajibu lakini picha haionekani. Toa sababu tatu, na kwa kila moja sema utakavyoihakiki.

MAJIBU

1. Fremu ni 1 + 8 + 1 + 1 = biti 11. 24 × 11 = 264. 264 ÷ 19,200 = milisekunde 13.75. 
2. Kuna 1 tano. Shufwa: 1. Witiri: 0. 
3. 200 NA 128 ni 128. 100 NA 128 ni 0. Mitandao miwili tofauti. Anwani yoyote kati ya 192.168.5.129 na 192.168.5.254 isipokuwa 200 inafaa. 
4. Upande mmoja hauna pariti na mwingine una pariti shufwa. 65 ni 1000001, 1 mbili, inapita. 67 ni 1000011, 1 tatu, inakataliwa. 
5. Kasi iko chini ya gigabiti: soma hali ya kadi ya mtandao, kagua swichi na ubadilishe kebo. Pakiti kubwa zinatupwa njiani: rudisha ukubwa kuwa 1,500 ujaribu tena. Programu ya ulinzi inazuia: iruhusu programu ya kamera ndani yake, kisha uangalie kama picha inatokea.